Masega ya ekzosi na dizeli ya njia ya Segera

Mafundi wa Tanga huyajua zaidi masega kwa bei yake: kile kipande cha kauri chenye matundu membamba ndani ya ekzosi, kilichopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi yake haizungumzwi sana.

Ndani ya silinda joto hupita nyuzi 1,500. Hapo nitrojeni na oksijeni, ambazo hewani hukaa pamoja bila kusumbuana, huungana na kuwa oksidi za nitrojeni. Zikigusa rodiamu hunaswa na kuvunjika. Nitrojeni hushikana mbilimbili na kwenda zake. Oksijeni hung'ang'ania metali, na isipoondolewa kazi husimama. Kinachoiondoa ni monoksidi ya kaboni, sumu nyingine ya moshi uleule. Kwangu ujanja wote uko hapo, wala si katika ughali wa metali.

Lakini hewa lazima iwe takriban kilo 14.7 kwa kilo moja ya petroli. Ikizidi, monoksidi huishia kwenye oksijeni ya bure. Ndiyo maana sensa ya oksijeni ikifa, masega mazima nayo hayafai kitu. Risasi nayo huifunika metali. Hadi nchi za kusini mwa Sahara zilipoachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, kufuatia Azimio la Dakar la 2001, masega yalikuwa mzigo tu.

Semitrela zinazopanda Segera zina shida nyingine. Injini ya dizeli huvuta hewa ya ziada daima, kwa hiyo ujanja wa rodiamu haufui dafu. Malori mapya hupuliza kwenye ekzosi maji yenye urea asilimia 32.5, joto huigeuza amonia, nayo, juu ya kichocheo cha vanadi au shaba, huzichagua oksidi za nitrojeni hata oksijeni ikiwa tele. (Urea ya mahindi ya Handeni isijaribiwe: uchafu wake huziba.) Salfa ya dizeli ikiwa nyingi, huungana na amonia na kuwa chumvi inayonata. Kikomo kilichowekwa Afrika Mashariki mwaka 2015 kilikuwa sehemu 50 kwa milioni. Ulaya ni 10.

Wapo wanaozima mfumo huo kukwepa gharama ya urea. Hesabu yao ina kasoro: injini nyingi za aina hiyo zimepangwa zichome kwa joto kali ili zibane mafuta, kwa kutegemea kichocheo kilichoko nyuma. Kikizimwa, lori jipya laweza kutoa oksidi za nitrojeni nyingi kuliko lile kuukuu lililo mbele yake.