Kuvu na Mzizi: Utamu wa Mirin Ukitazamwa kutoka Mwambao wa Mweru

Mtu wa zabibu, au wa mnazi, hana taabu ya kutafuta utamu wa kileo chake, kwa kuwa sukari imo ndani ya tunda na ndani ya tembo tangu mwanzo, na hamira ya hewani huiwahi hata kabla mgema hajateremka; lakini mtu wa nafaka, awe wa mpunga, wa mahindi au wa ulezi, amejaliwa wanga mtupu, nao wanga hauna utamu wala hauchachuki, ila kwanza ukatwe vipande vidogo vidogo vya sukari. Ukataji huo ndio kazi yenyewe. Watengenezaji wa togwa huko Songea na Iringa huufanya kwa kimea. Wajapani huufanya kwa kuvu. Na wenyeji wa Chienge, Nchelenge na mwambao wote wa Zambia wa Ziwa Mweru huufanya kwa mzizi uchimbwao porini, uitwao munkoyo, jina ambalo ndilo pia la kinywaji chenyewe.

Nimeichagua mirin, kileo kitamu cha mchele ambacho Wajapani hukitia katika mapishi na ambacho katika zama za Edo kilinywewa pia na wapenda utamu, kwa sababu hakuna kileo kingine nikijuacho kinachoonyesha dhahiri namna hiyo mahali sukari inapotoka na hila ya kuizuia isipotee.

Kazi huanzia katika mchele wa kawaida, ambao huoshwa, hulowekwa, kisha hupikwa kwa mvuke wala hauchemshwi majini, na tofauti hiyo si ya ladha tu: punje ya mvuke hukauka nje ikabaki na unyevu ndani, hata nyuzi za kuvu zikalazimika kupenya moyoni mwa punje kufuata maji. Wali ukishapoa hadi joto la nyuzi 35 hivi hunyunyiziwa mbegu za kuvu iitwayo Aspergillus oryzae, hufunikwa, na huwekwa katika chumba chenye fukuto kwa muda wa siku mbili takriban, na ndani ya siku hizo mtengenezaji hana usingizi, kwani kuvu ikishashika huzaa joto lake yenyewe, na lundo lisipovunjwa na kutandazwa kwa wakati, joto likapita nyuzi 45, kuvu huungulia katika kazi yake. Ikisalimika, punje hutoka nyeupe kama zilizopakwa unga, zimeshikamana, na zimejaa vimeng'enya, yaani protini zenye kukata wanga. Hiyo ndiyo koji.

Hatua ya pili ndiyo iliyonishangaza nilipoisoma mara ya kwanza. Koji huchanganywa na mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke, kisha juu yake humiminwa shochu, kileo kikali kilichokenekwa, chenye nguvu ya asilimia 40 hivi. Madhali kileo kimetiwa kutoka nje, hamira haina nafasi ya kuishi humo. Walakini vimeng'enya, ambavyo si viumbe hai, huendelea kukata wanga polepole, siku 40 hadi 60, katika joto la nyuzi 20 hadi 30, na sukari inayopatikana haina wa kuila. Vikishakamuliwa, hupatikana kioevu cha rangi ya dhahabu chenye kileo cha asilimia 14 hivi na sukari ya zaidi ya asilimia 40. Kwa hiyo wasemao kwamba mirin ni mvinyo wa mchele uliochachuliwa wamekosea, kwani baada ya kuvu kumaliza kazi yake katika koji, hakuna tena kiumbe kinachochachua kitu ndani ya pipa.

Na kwa nini mchele wa kunata? Kila aliyekula kiporo anajua kwamba wali wetu wa kawaida, ukilala usiku mmoja, hukakamaa. Sababu yake ni aina moja ya wanga, amilosi, ambayo ikipoa hujipanga upya na kujifunga, na ilivyojifunga huvipinga vimeng'enya. Mchele wa kunata hauna amilosi, au unayo kidogo mno, hivyo hubaki laini siku nyingi, na vimeng'enya hupata njia. Mpishi hufurahia matunda ya hayo yote: sukari humpa samaki wa kuchoma mng'aro, nacho kileo kikipaa hupaa na shombo, na sidhani kama samaki aitwaye pale, wa Ziwa Mweru, akiwa juu ya makaa, angelikataa heshima hiyo.

Tugeukie sasa munkoyo. Mizizi ni ya mimea ya jamii ya kunde, aghalabu ya Rhynchosia na ya Eminia, nayo hupondwa mpaka iwe nyuzi, kisha hutiwa katika uji mzito wa mahindi uliokwisha iva na kuachwa upoe kiasi, kwa kuwa uji wa moto mno huviua vimeng'enya vya mzizi kama vile fukuto lilivyotaka kuiua koji. Huko Chienge nilimtazama mama mmoja akifanya hivyo, na uji ambao mwiko ulisimama ndani yake ukalegea mbele ya macho yangu, ukawa maji maji, ukawa mtamu. Nilipotaka kuunywa papo hapo alinijibu kwa Kiswahili cha Pweto, mji ulio ng'ambo ya mpaka wa Kongo: "Ngojea kesho, baba, leo ungali wa watoto."

Katika jibu hilo mna tofauti yote. Katika munkoyo mlango umeachwa wazi, wala hakuna kileo kikali cha kuulinda. Bakteria za asidi ya maziwa huingia, hula sukari, huutia uji ukali wa kupendeza, na asidi hiyo huzuia wadudu wabaya. Kesho yake ni kinywaji cha watu wazima, na siku chache baadaye umekuwa mchungu. Sioni kwamba mzizi ni duni kuliko kuvu. Ukataji wa wanga ni uleule.

Hapa sina budi kumwonya mwenye pupa ya kujioteshea koji nyumbani. Kuvu ya koji ni ndugu wa damu wa Aspergillus flavus, yule atiaye sumukuvu katika mahindi na karanga zetu, sumu iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, wengi wao wa Makueni na Kitui. Wajapani hawakuiokota yao ukutani: kwa karne nyingi kumekuwa na nyumba maalumu za kuuza mbegu ya koji, ambazo tangu kale zilitumia majivu ya miti kuichuja kuvu itakiwayo na kuzifisha nyingine. Ni kweli kwamba wanawake wa Teso, Uganda, hulundika mihogo iliyomenywa mpaka iote ukungu, wakaukwangua na kuianika, na sumu ya mhogo ikapungua. Lakini hiyo ni kazi nyingine, na ukungu wake ni mwingine. Wala kachasu, pombe kali ikenekwayo kienyeji, au lutuku kama waitavyo Wakongo, isitiwe mahali pa shochu, kwa kuwa hakuna ajuaye nguvu yake wala kilichomo.

Lakini kuna jaribio moja ambalo halihitaji kuvu hata kidogo. Mtu apike mchele kwa mvuke badala ya uji, maana maji ya uji yangekipunguza kileo mpaka bakteria zirudi. Auponde mzizi mkavu wa munkoyo uwe unga, auchanganye na wali uliopoa, kisha amimine kileo kikali cha dukani, ambacho nguvu yake imeandikwa kwenye chupa, na afunge mtungi kwa siku 60. Kama mzizi utakata wanga ndani ya kileo kama koji ikatavyo, ni jambo la kuonjwa. Msomaji wa Chienge au wa Kashikishi atakayejaribu, tafadhali na atuandikie.