Mbuyu na Rangi ya Shetani

Katika Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein, marafiki wawili, Juma na Kitaru, wanacheza Shetani na Binadamu penye mbuyu. Kikundi kidogo kikiicheza Dodoma, mti huo usirembwe. Mbuyu wa Ugogo wakati wa kiangazi husimama bila jani juu ya vumbi jekundu. Kitambaa cha kijivu na taa moja vyatosha. Hatari imo katika mavazi. Shetani akivikwa nyekundu na Binadamu nyeupe, rangi itakuwa imekwisha kuhukumu kabla mshairi hajanena. Wote wawili na wavae kaniki, nguo ijulikanayo bara na pwani. Hapo mtazamaji atamtafuta shetani katika maneno, alikomweka mwandishi, wala hatampata upesi.