Laki tano ya namba: gari lilivyonunuliwa Muleba

Mzee alitaka milioni tisa na nusu. Mdogo wangu alipomuuliza kwa nini Toyota IST ya namba D iwapite wenzake kwa bei, alimshika mkono akamzungusha hadi nyuma ya gari na kumwonyesha kibao cha njano chenye tarakimu tatu zinazofanana. "Milioni tisa ni ya gari, mwanangu," alisema. "Laki tano ni ya namba."

Tulikuwa Muleba mjini, tumetoka Bukoba alfajiri. Mzee ni mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, na sikuona dalili ya hila usoni pake. Aliamini kweli kwamba ile namba ni mali yake na ana haki ya kuipigia bei. Imani hiyo ndiyo ninayotaka kuichambua, kwa sababu wanunuzi wengi wa magari ya mkononi katika mkoa wetu huja na maswali yasiyofaa. Wanauliza namba inapendeza kiasi gani, gari limetembea kilomita ngapi. Swali la jina la nani liko kwenye kadi huulizwa mwisho, pesa zikiwa zimeshahesabiwa.

Nianze na namba yenyewe. Tanzania kuna njia halali ya kuwa na namba ya pekee, nayo ni kuomba namba binafsi Mamlaka ya Mapato (TRA), ukaandikiwa jina lako badala ya T na tarakimu zake. Si kitu cha bei ya chini. Bajeti ya 2016/17 aliyoisoma Dk. Philip Mpango, akiwa Waziri wa Fedha, iliipandisha ada hiyo kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa kila miaka mitatu. Igawe kwa miezi 36 uone: karibu shilingi 278,000 kila mwezi, kwa ajili ya kibao tu. Tena ni ruhusa ya muda, si kibanja cha migomba cha kuachia watoto. Ukikuta mtu anauza gari lenye kibao cha jina lake, nunua gari, jina mwachie mwenyewe, na kwenye mkataba liandikwe gari kwa namba ya chesisi.

Zipo nchi ambako namba yenyewe ni bidhaa. Uingereza, mamlaka yao ya magari, DVLA, imekuwa ikiuza namba tangu 1989, na mwenye haki anaweza kuitenganisha na gari, akaishika kwenye cheti, kisha akamuuzia mtu mwingine kabisa. Abu Dhabi mwaka 2008 kibao chenye tarakimu 1 peke yake kilinunuliwa mnadani kwa dirham milioni 52.2. Ndugu zetu walioko Ghuba wakisimulia mambo hayo, mtu wa Muleba naye hutazama kibao chake kwa jicho jipya. Ila namba ya kawaida ya Tanzania haifanyi kazi hivyo. Hupewa gari siku linaposajiliwa na hukaa nalo mikono yote linayopitia. Mzee hakuwa na namba ya kutuuzia. Alikuwa na gari, na gari lina namba yake.

Lakini nisimwonee mzee, maana soko lote linafanya kama yeye. Tazama tunavyozungumza: "namba C", "namba D", "namba E". Herufi ile ya kwanza katika zile tatu za mwisho imekuwa kipimo cha bei, na dalali atakutajia hiyo kabla hajakutajia injini. Herufi inaeleza kitu kimoja tu, yaani gari liliandikishwa lini hapa nchini. Haisemi lilitengenezwa lini. IST za kwanza zilitoka kiwandani kati ya 2002 na 2007. Iliyoletwa na kusajiliwa juzi itakuwa na namba E inayong'aa, na bado ni gari la miaka ishirini hivi. Kinachopungua ni miaka ya mateso kwenye barabara zetu, na hilo lina thamani, sikatai. Thamani hiyo inapimwa kwa fundi kulala chini ya gari, haipimwi kwa kusoma kibao.

Basi tukaanza upya, safari hii kwa chesisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana herufi na namba za modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Ya IST nyingi huanza na NCP60. Imegongwa kwenye chuma chenyewe, na tena imeandikwa kwenye kibati kilicho ndani ya boneti. Fundi tuliyekwenda naye alipangusa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, akamulika kwa tochi ya simu, akawa anasoma kwa sauti huku mdogo wangu akifuatisha kwa kidole kwenye kadi. Walisoma mara mbili. Alipitisha ukucha pembeni mwa namba kutafuta mkwaruzo wa msasa au alama ya kuchomelewa, akahamia kwenye namba ya injini. Kazi yote dakika ishirini. Kibao kinafungwa na kufunguliwa kwa bisibisi. Chesisi ndiyo gari.

Vyote viliafikiana. Kasoro tuliikuta mstari wa mmiliki: jina halikuwa la mzee.

"Huyu ndiye aliyeniuzia," alisema bila wasiwasi. "Mkataba ninao." Na kweli alikuwa nao, umepigwa muhuri wa wakili, wa miaka minne nyuma. Mwenye kadi anaishi Hamugembe, Bukoba.

Hali hii imeenea mno kwetu. Mtu ananunua, anapewa kadi na mkataba, anaona yameisha. Kuhamisha umiliki anaahirisha, kwa kuwa gari linatembea vilevile. Akiuza, anaongeza mkataba mwingine juu ya ule wa kwanza, na wa tatu anafanya hivyo hivyo. Kwenye daftari la TRA mmiliki ni yuleyule wa mwanzo, ambaye siku moja anaweza kufa, kuhama, kugombana na mkewe mahakamani wakigawana mali, au kushindwa kulipa mkopo. Kila mkataba katika mnyororo huo unategemea ulioutangulia. Mtu mmoja tu akikosekana, wa mwisho anabaki na gari asiloweza kulihamisha wala kuliuza kwa amani.

Ikiwa mwenye jina amefariki, mambo huwa mazito zaidi. Kikao cha ukoo kinaweza kumteua mtu, na huku Uhayani kikao hicho kina uzito wake, lakini TRA wanachohitaji ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Sahihi ya mrithi peke yake, hata kama ukoo mzima unamtambua, haihamishi kadi.

Mdogo wangu alitaka kulipa siku ile ile. Gari alishalipenda, na mzee alitumiminia chai kama wanawe. Nilimzuia. Tulimwomba mzee kitu kimoja: alete kwanza gari kwenye jina lake, kisha auze. Alinyamaza. Mwishowe akasema, "Mnanitia gharama." Ni kweli, na nilimweleza wazi kwamba gharama hiyo alipaswa kuilipa miaka minne iliyopita. Kuhamisha umiliki wa gari kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, ada ya uhamisho shilingi 50,000 na kadi mpya 10,000. Kwa gari la milioni tisa inakuwa 90,000 na hizo 60,000, jumla 150,000. Kwa kiasi hicho watu wanakubali kulala na mali ya mamilioni kwenye jina la mwingine!

Tukiwa tunamsubiri, kijana mmoja alitupigia kutuambia kuna gari kama hilo kwa milioni sita, liko tayari, kibao cha Uganda. Mutukula si mbali na Bukoba, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa 2017 magari yanavuka kwa wepesi. Wepesi wa kuvuka usikuchanganye. Gari la kigeni lililoingia kwa kibali cha muda haliruhusiwi kuuzwa huku kabla ushuru haujalipwa, na sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu likamatwe. Ile milioni tatu ya unafuu ni ushuru ambao hakuna aliyeulipa. Tulimshukuru kijana, tukakata simu.

Mzee alipiga simu siku ya kumi na moja. Kadi ilikuwa na jina lake.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tuliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani tukakuta faini moja haijalipwa. Mzee aliilipa tukiwa naye, kwa sababu deni la namna hiyo linafuata gari. Tukaangalia bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kisha deni la maegesho. Tulikutana kwa wakili Bukoba, kila mtu na kitambulisho chake cha NIDA na TIN. Pesa ziliingia benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye kadi, na stakabadhi ikabanwa pamoja na mkataba. Kwenye mkataba tulimwomba wakili aandike tarehe na saa ya kukabidhiana funguo. Ajali au kosa la kabla ya saa hiyo ni la mzee. Baada ya hapo ni la mdogo wangu.

Bei ilikuwa milioni tisa. Ile laki tano hakuna aliyeitaja tena, hata mzee mwenyewe.

Alichokifanya baadaye ndicho kilichonigusa. Wiki mbili hazijaisha alimpigia mdogo wangu, akaitikia shikamoo yake harakaharaka, akauliza: "Mwanangu, jina langu limeshatoka?" Alikuwa ameelewa kwamba kadi ikibaki na jina lake, gari likigonga mtu Kemondo usiku, polisi watamtafuta yeye Muleba. Mdogo wangu alikuwa ameipata kadi mpya siku iliyotangulia. Aliifungua akamsomea kwenye simu, namba ya chesisi herufi kwa herufi, kisha jina.