Mgeni Apewapo Jembe: Shakespeare katika Kiswahili cha Nyerere

Methali isemayo kuwa mwacha asili ni mtumwa hutumiwa mara nyingi kuwashutumu watu walioonja elimu ya ng'ambo. Maonyo yake ni mema, walakini haisemi asili ya mtu huanzia wapi na kukomea wapi, wala haisemi kwamba kila apokeaye cha mgeni amekwisha kukitupa chake. Katika fasihi ya Kiswahili, swali hili lapimika vema katika tafsiri mbili za Julius Nyerere: Julius Caezar, iliyotolewa mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, iliyotolewa mwaka 1969.

Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wasomi walijivunia kucheza dansi za kigeni hali ngoma za kwao hawakuzijua. Katika hotuba hiyo hiyo alionya pia kuwa taifa likataalo kujifunza kwa wengine limepungukiwa na akili. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha Shakespeare kilichofasiriwa kwa mkono wake. Mtu wa haraka atasema kwamba maneno na matendo yamepingana. Yafaa kwanza kutazama asili yenyewe ni nini.

Mfasiri huyu alizaliwa Butiama mwaka 1922, miongoni mwa Wazanaki. Lugha aliyoinyonya kwa mama yake haikuwa Kiswahili. Kiswahili alijifunza, kama alivyojifunza Kiingereza, ambacho baadaye alikitumia katika masomo ya Makerere na Edinburgh. Shakespeare naye hakuchota kisima cha nyumbani peke yake. Habari za Kaizari alizipata kwa Plutarch, Myunani, katika Kiingereza cha Thomas North, ambaye alifasiri kutoka Kifaransa cha Jacques Amyot. Basi kisa hiki kilikuwa kimekwisha kuvuka lugha tatu kabla ya kufika Tanganyika. Mwenye kutaka asili isiyochanganyika hataipata kwa mwandishi wala kwa mfasiri. Linalobaki kuulizwa ni jinsi kila mmoja alivyokitumia alichokipokea.

Jaribio lililo gumu zaidi ni la umbo. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alipata kuwa waziri katika serikali ya Nyerere, alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na humo vina na mizani vimewekwa kuwa nguzo za utungo. Nyerere aliviacha vina, akafuata mistari ya Shakespeare isiyo na vina. Hapa ugumu ni wa lugha yenyewe. Mstari wa Kiingereza wa namna hii hujengwa kwa kupishana kwa silabi nyepesi na silabi yenye mkazo, na kwa kawaida hukomea penye mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, isipokuwa katika maneno machache; kwa hiyo mstari hauna budi kuishia katika silabi nyepesi. Pigo la Kiingereza halihamishiki. Sikio la Mswahili, lililozoea kutulia penye kina, halipewi kituo kingine badala yake, na katika maneno marefu msikilizaji wa jukwaani aweza kudhani kuwa anasomewa nathari. Hiyo ni hasara, wala haifai kufichwa kwa ajili ya heshima ya mfasiri.

Walakini hasara hiyo haiko sawa kila mahali. Katika hotuba ya Antonio mbele ya maiti ya Kaizari, nguvu haitokani na pigo la mstari bali na sifa inayorudiwa hata ikageuka kuwa kejeli. Sanaa hiyo si ngeni pwani. Waimbaji wa taarabu na washairi wa malumbano waijua barabara. Mahali hapo mgeni amekuta kiti chake kimekwisha kuwekwa.

Jaribio la pili ni la neno. Shakespeare aliipa tamthilia yake jina la mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Mfasiri ameweka wingi, tena amechagua neno bepari. Neno hili nalo ni mgeni: lilitoka India kwa njia ya biashara ya bahari, likiwa na maana ya mchuuzi au mfanyabiashara. Lakini mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, hapana msomaji wa Tanzania aliyelisikia bila kukumbuka ubepari. Kwa jina hilo Antonio na Shylock wametiwa katika kundi moja, na mtazamaji ametakiwa ahukumu mji mzima unaopima nyama ya mtu kwa mizani ya deni. Hapo mfasiri ameongeza fikira yake mwenyewe. Lakini ametoa na kitu. Shylock anadharauliwa kwa kuwa ni Myahudi, na maneno yake ya kuuliza kama yeye hana macho na mikono kama watu wengine ni kilio cha mtu aliyebaguliwa. Watu waliotoka katika utawala wa kikoloni walikuwa na haki ya kukisikia kilio hicho kwanza, nalo jina la kitabu lawaelekeza kwingine.

Jaribio la tatu ni dogo, ila lina maana. Toleo lililosahihishwa la mwaka 1969 liliitwa Juliasi Kaizari. Jina lililoandikwa mara ya kwanza karibu na desturi ya Kilatini na Kiingereza likapewa irabu zake, likakaribiana na Kaisari ambaye wasomaji wa Biblia ya Kiswahili walikuwa wamemzoea tangu zamani. Mfasiri alirudia kazi yake, akamvua mgeni vazi la safari.

Katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa, Nyerere aliitumia methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tafsiri hizi zapasa kupimwa kwa methali hiyo. Mahali ambapo Shakespeare amepewa jembe, kama katika jina la mabepari na katika kejeli ya Antonio, amelima shamba la Kiswahili na mavuno yameonekana. Mahali ambapo ameachwa akae kama alivyokuja, kama katika umbo la mistari, amebaki mgeni. Kwa hiyo mtu haachi asili yake kwa kufungua mlango. Huiacha pale anapokoma kumwagiza kazi yule aliyemkaribisha.