Fundi wa Kaboni 26

Samli iliyolainika kwa joto la mchana wa Igawa, ukipanda nayo Makambako usiku wa Julai, inaganda kwenye kopo. Mafuta ya alizeti yanabaki yakimiminika. Asidi za mafuta zilizomo katika samli nyingi zimenyooka, hulaliana zikabanana. Asidi kuu ya alizeti ina kaboni 18 na imepinda mahali pawili, kwenye kaboni ya 9 na ya 12, kwa hiyo haibaniki kirahisi.

Utando wa seli nao umejengwa kwa mafuta. Ukiganda, seli haifanyi kazi. Ukilegea mno, vya ndani vinavuja. Viumbe wengi huusawazisha kwa asidi zenye kaboni 16 hadi 22. Sponji wa baharini, mnyama asiye na moyo wala ubongo, amekwenda mbali zaidi, na kazi yake nimeipenda tangu nilipoisoma.

Mwaka 1974 mtafiti Litchfield na wenzake, huko Marekani, walikuta ndani ya sponji asidi zenye kaboni 26. Urefu huo, ukinyooka, ni wa asidi iliyomo katika nta ya nyuki, na asidi hiyo haiyeyuki mpaka joto lifike karibu nyuzi 88. Nani angejengea utando kitu kigumu namna hiyo? Sponji huikunja asidi hiyo: pindo moja kwenye kaboni ya 5, jingine kwenye ya 9, na mara nyingine la tatu mbali kule kwenye ya 19. Nafasi kati ya 5 na 9 ni kubwa kuliko ile ya alizeti, na ni nadra kuikuta kwa wanyama wengine.

Carl Djerassi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalisha sponji asidi fupi zenye alama ya mionzi, wakazifuatilia hatua kwa hatua. Wakaona utaratibu wa fundi: kwanza hurefusha, akiongeza kaboni mbili mbili, na urefu ukishatimia ndipo hupinda ile 5 na ile 9. Mpangilio huu unanistaajabisha kuliko yote. Hakuna haraka ndani yake.

Kwetu sponji wanalimwa Jambiani, Unguja. Wakulima, wengi wao wanawake, hukata vipande vya sponji hai, huvitunga kwenye kamba baharini na kuvisafisha mara kwa mara mpaka vikue. Baada ya mavuno sponji huoshwa mpaka seli zote zitoke. Tunachonunua kwa kuogea ni mifupa yake laini tu. Tando na mafuta yake vimekwenda na maji.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa kemia wa Mbeya na Iringa: mkipata nafasi ya kwenda Unguja, ombeni kipande kimoja Jambiani kabla hakijaoshwa, mkapime mafuta yake.