Mzaha juu ya Madubwana wa Kijapani: Kicheko cha Mjuzi na Kicheko cha Mpita Njia

Wako watu wadhanio kuwa mzaha ni kazi nyepesi, na kwamba kazi nyepesi haistahili kuhakikiwa. Katika makala haya tunakusudia kuipinga dhana hiyo kwa kuzitazama filamu tatu za gharama ndogo zilizowafanyia mzaha madubwana wa sinema za Kijapani. Swali letu ni moja: je, mzaha huo unaihifadhi maana ya kile unachokicheka, au unaifuta?

Hatuwezi kuhukumu mzaha bila kukijua kwanza kile kinachochekwa. Filamu ya Godzilla, au Gojira kama wasemavyo Wajapani wenyewe, ilionyeshwa mwaka 1954. Mwongozaji wake alikuwa Ishiro Honda, na fundi wa hila za picha alikuwa Eiji Tsuburaya. Tarehe 1 Machi ya mwaka huo huo Marekani ilikuwa imelipua bomu la haidrojeni huko Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa chombo kiitwacho Daigo Fukuryu Maru. Mwendeshaji redio wa chombo hicho, Aikichi Kuboyama, alifariki mwezi Septemba. Filamu yenyewe huanza kwa chombo kuangamia baharini katika mwanga mkali. Kwa hiyo watazamaji wa wakati ule, miaka 9 baada ya Hiroshima na Nagasaki, hawakuona kichekesho. Waliyaona yaliyowapata.

Hata hivyo, ndani ya dubwana huyo mlikuwa na mtu. Haruo Nakajima alivaa vazi zito, akazikanyaga nyumba za mfano zilizojengwa studioni. Hapo ndipo ulipo mlango wa mzaha: hofu ya taifa zima imebebwa na vazi ambalo hata mtoto aweza kulitambua kuwa ni vazi.

Wa kwanza kuupitia mlango huo, katika mifano yetu, ni Marv Newland, aliyekuwa mwanafunzi huko Los Angeles alipotengeneza katuni iitwayo Bambi Meets Godzilla mwaka 1969. Urefu wake ni kama dakika moja na nusu. Mtoto wa paa anakula majani kwa utulivu, huku orodha ya watengenezaji ikipita, na karibu kila kazi imefanywa na Newland huyo huyo. Ghafla mguu mkubwa unashuka, na hadithi imekwisha. Tunausifu ufupi wake, kwa maana hakuna kilichozidi. Lakini Godzilla wa Newland ni uzito tu. Lau lingeanguka jabali, kicheko kingekuwa karibu kile kile.

Mfano wa pili ni tofauti kabisa. Mwaka 1983 vijana wa kikundi cha Daicon Film, huko Osaka, walitengeneza filamu yao ya Ultraman, yule shujaa wa televisheni ambaye hukua na kupigana na madubwana. Hawakuwa na fedha, bali walikuwa na karatasi, gundi na subira, na kwa hivyo wakaunda vyombo na majengo ya mfano. Hideaki Anno, aliyeiongoza, alijitokeza mwenyewe kuwa Ultraman, akiwa amevaa koti lenye rangi za shujaa huyo, uso wake ukiwa wazi bila kinyago. Mzaha wote umo katika uso huo. Mengine yote yamefanywa kwa dhati: milio, pembe za kamera, mpangilio wa mapigano. Tena ndani yake mna mgogoro mzito, kwani mkuu wa kikosi anaamua kutumia silaha ya nyuklia ili kumwangamiza dubwana, na kijana mmoja anampinga. Vijana hao walikuwa wamekumbuka kidonda ambacho hadithi hizi zilitokana nacho.

Mfano wa tatu ni filamu ya Minoru Kawasaki ya mwaka 2008, ambayo ilimfufua Guilala, dubwana wa filamu ya mwaka 1967. Guilala anawashambulia viongozi wa mataifa manane tajiri waliokutana Toya, huko Hokkaido, mahali walipokutana viongozi wa kweli mwaka huo huo. Kila kiongozi anatoa mbinu yake, na kila mbinu inashindwa. Kejeli hiyo ina meno. Kasoro yake ni kwamba baada ya mbinu ya tatu mtazamaji amekwisha kuujua mwendo, na dubwana amegeuka kisingizio cha kuwacheka wanasiasa.

Waswahili husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Newland alikitazama kitanda kutoka dirishani, Kawasaki alikikalia ili azungumze mambo mengine, lakini Anno alikilalia. Ushahidi ulikuja baadaye. Mwaka 2016, pamoja na Shinji Higuchi, Anno aliongoza Shin Godzilla, filamu kubwa yenye ngarambe za kutosha. Humo mataifa ya nje yanapanga kuidondoshea Tokyo bomu la nyuklia ili kumwua dubwana, na Wajapani wanahangaika kutafuta njia nyingine. Ni ubishi ule ule wa mwaka 1983, isipokuwa sasa hakuna anayecheka.

Sisi walimu twaweza kujifunza jambo hapa. Mwanafunzi amwigaye mwalimu wake hadi darasa zima likacheka amekwisha kuusoma mwendo wake, sauti yake na maneno ayapendayo. Basi tukiwapa wanafunzi wetu ngano ya zimwi, tuwaombe pia waiandike upya kwa mzaha. Atakayebadili majina tu tutamtambua upesi. Na yule atakayetuchekesha, kisha akatuacha tukimwogopa zimwi zaidi ya awali, huyo ndiye aliyeielewa ngano.