Kioo cha Safura Hakingoji

Fundi wa maabara alitandika kipande cha gazeti mezani, akalaza kioo juu yake, akainama. Choo kilikuwa kimetandazwa chini ya selofani ya kijani, chembamba hata maandishi ya gazeti yakasomeka. Yasiposomeka, alisema, kazi irudiwe. Ndipo akageuza ile saa ndogo ya mezani, akaitega nusu saa.

Saa hiyo ndiyo iliyonifanya nimheshimu. Yai la mnyoo wa mchango lina gamba nene la kahawia lenye vinundu. La mjeledi ni kipipa chenye vizibo huku na huku. Hayo hukusubiri. Yai la safura gamba lake ni utando tu, na gliserini ileile ya selofani inayokifanya choo kiwe angavu ndiyo inayolifuta. Ukichelewa kupita saa moja, unatazama kioo kitupu, na mtoto anayenyonywa damu anaandikiwa kwamba ni mzima.

Zamani ilikuwa tone la maji ya chumvi na choo cha ncha ya kijiti, kama miligramu 2, na bahati. Kato na Miura kule Japani walileta selofani mwaka 1954. Mwaka 1972 Katz na wenzake wa Brazili wakaongeza kibao chenye tundu linalopokea miligramu 41.7, basi. Hesabu mayai, zidisha kwa 24, umepata idadi katika gramu moja. Kibao chenye tundu! Kwa hicho, ugonjwa wa kijiji kizima ukapata namba. Leo Napoli wameleta FLOTAC, inayoyafanya mayai yaelee juu ya maji mazito, na wengine wanasoma vinasaba. Nazipokea zote kwa furaha. Lakini hakuna mashine itakayomkumbusha mtu kukoroga sampuli vizuri kabla ya kuchota.

Binti ya dada yangu alikuwa amepauka, viganja vyeupe, akihema akipanda ngazi tatu. Tulimpeleka mahali wakatupa karatasi: hakuna kilichoonekana. Nilikuwa nimesimama pale dirishani. Vioo vya asubuhi vilikuwa bado kwenye trei, na adhuhuri imeshaadhiniwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hawakuwa na haraka pale palipotaka haraka, wakawa nayo pale palipotaka subira.

Kesho yake nikampelekea Fundi kikopo kipya. Jambo la kwanza aliloniuliza ni saa ngapi mtoto alikwenda choo. Akatengeneza vioo viwili, kama kawaida yake, maana mayai hayatawanyiki sawasawa. Cha kwanza alikipitia mstari kwa mstari, midomo ikihesabu bila sauti. Cha pili vilevile, ingawa jibu alikuwa nalo tayari. Saa ikalia yeye akiwa ameshaandika: safura.

Mwaka jana alistaafu. Kiti chake kimekaliwa na kijana mwema, na hadubini ni mpya. Ile saa aliondoka nayo. Aliinunua kwa fedha yake mwenyewe, na hakuna aliyefikiria kununua nyingine.